Sola ya Nungunungu

Aliishi Nungunungu mmoja asiyetaka kumwomba mtu kitu, hata ushauri. Alipofunga sola nyumbani kwake, Tumbili, fundi wa umeme, alimwambia, "Bwana Nungu, weka swichi ya kutenganisha umeme wako na wa nguzoni. La sivyo, siku umeme wa mtaani ukikatika, wako utatoka nje kwenye nyaya."

"Unajitafutia kibarua tu, Tumbili. Kajaribu kwa Sungura."

Siku moja upepo ukakata waya, mtaa mzima ukazimika. Nungunungu akawasha sola yake na kufungulia redio kwa sauti ili majirani wamsikie. Tumbili aliambiwa kwamba kituoni wameshazima, akapanda nguzo kuunga waya bila kupima. Hapo alikosea. Aligusa waya, akabaki ananing'inia kwenye mkanda wake.

Nungunungu akatoka mbio. "Mnatazama nini? Mshusheni."

"Tumguseje?" akasema Ngedere, mmoja wa majirani waliokusanyika. "Waya una umeme."

"Si wamezima kituoni? Nani kauwasha?"

Kutoka nyumbani kwake redio ilisikika ikiimba, na Nungunungu akajua. Akarudi ndani, akazima sola. Ngedere akapanda, akamshusha Tumbili akiwa ameshakata roho.

Mjane wa Tumbili alipofika aliuliza ni nani aliyeuzima ule umeme, apate kumshukuru.

Nungunungu angeweza kuipokea shukrani ile akaenda zake. Akasema, "Ni mimi, shemeji. Na aliyeuwasha ni mimi."