Tanuri la Watu Wawili

Siwema hakupiga hodi. Aliingia uani kwa Mwajabu na nyundo mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye tanuri la mikate walilojenga pamoja, matofali ya Siwema, uwanja wa Mwajabu.

"Shoga, nyundo ya nini asubuhi yote hii?" Mwajabu akauliza, unga umemjaa mikononi.

"Nimefuata matofali yangu. Wifi yako kaniambia kwa mdomo wake, eti kuanzia leo yeye ndiye mwenzako, mimi nije kununua mkate kama wateja wengine."

"Kwani tuliandikiana wapi kwamba ni mimi na wewe tu?"

Siwema akacheka, cheko la hasira. "Nani alikataa? Karatasi niliileta mlangoni kwako. Ukasema watu wanaopendana hawaandikiani, ukanipakulia wali, nikaona haya, nikaikunja."

"Sasa ndiyo ubomoe? Mikate imo ndani."

"Mikate yako. Unga wako, uwanja wako, wifi yako. Matofali ndiyo yangu."

Akapiga. Tofali la kwanza likachomoka, la moto, akalishika kwa kanga na kuliweka chini. Akachomoa la pili. Mwajabu akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi palepale, mgongo wake ukiziba tofali la tatu.

Siwema akainua nyundo. Moshi ukaanza kutoka kwenye ule uwazi, kwanza mweupe, kisha mweusi, ukinuka mkate unaoungua, na hakuna kati yao aliyesogea.