Dirisha la Wasiojua Kusoma

"Asiyejua kusoma aje hapa nimjazie fomu!" karani alipaza sauti dirishani bila kuinua macho. Tangu asubuhi alikuwa akiandikisha wazee kwa kadi za jiji za matibabu ya bure, na subira ilikuwa imemwishia.

Mzee mmoja alijitokeza kwenye foleni, kofia mkononi.

"Nenda babu, hakuna mtihani!" mtu alimtania, na watu wakaangua kicheko. Karani naye akacheka. Kisha akainua macho.

Alikuwa baba yake.

Baba aliyezishika ripoti zake zote za shule, akazitazama kwa muda mrefu, akasema, "Umejitahidi, binti yangu."

"Shikamoo, ba—"

"Usiniite baba hapa," mzee alinong'ona. "Wenzako watasikia. Nilidhani leo uko ghorofani, mama. Nisamehe."

Kidole gumba chake kilikuwa tayari kimenyooshwa juu ya kidau cha wino, ukucha umepasuka katikati. Nyuma ya karani, wenzake wawili walikuwa wameacha kuandika.

Karani akavuta fomu mpya, akainamisha kichwa.

"Jina lako nani, mzee?"