Waya wa Mzee Mbaruku

Zama hizo, wazee walipandikizwa kibao cha umeme kifuani, kikiendesha moyo na kumbukumbu. Kila Ijumaa lazima kichomekwe kwenye kompyuta. Kisipotambuliwa kabla ya adhuhuri, kinazimwa.

Bi Mashavu alichomeka waya kifuani mwa mumewe mara ya tano. Taa iliwaka, kompyuta ikawa kimya.

"Taratibu, bibi wee! Unanizibua kama sinki?" alilalama Mbaruku.

"Nyamaza, hufi leo. Waya huu unapitisha umeme tu, haupitishi taarifa."

Akatoka mbio, akaazima mwingine kwa jirani. Alipouchomeka, kompyuta ikalia: *Kifaa kipya kimetambuliwa. Kumbukumbu zinaanza upya.*

Mbaruku akashusha pumzi, akamtazama kwa adabu. "Ahsante, mama. Sijui ni nani mwenzangu?"

Mashavu akavuta kigoda. "Mkeo. Kaa vizuri, tuanze mwanzo."