Zamu ya Siafu Nyumbani Kwetu

Masika yakianza, kijiji hutuletea siafu. Dawa za kupuliza zilipigwa marufuku, kwa hiyo kila nyumba ina zamu yake. Siafu hao wamefundishwa harufu ya panya, kunguni na kitu chochote kinachooza, na wakimaliza hurudi wenyewe kwenye sanduku lao. Sisi hutoa kuku nje, tukawapisha.

Mwaka huu mume wangu, Shemdoe, hawezi kutembea. Ana kidonda mguuni kisichopona. Jirani yetu Mama Singano alikuja bila kuitwa, akambeba mgongoni mpaka kwenye mkeka uani.

"Shemeji, umekuwa mwepesi," akamwambia. "Mkeo anakula peke yake?"

"Nyama ananionyesha tu," akajibu, tukacheka.

Siafu waliingia jikoni, wakapita chumbani, wakatoka na kunguni midomoni. Kisha, badala ya kurudi sandukuni, mstari wao ukapinda kuelekea mkeka.

"Wamepotea njia," nikasema.

 Mama Singano aliuvuta mkeka na mtu wake mpaka upande wa pili wa ua. Mstari ukapinda tena. Ndipo akakimbilia majivu jikoni, akayamwaga kuuzunguka mkeka wote, na siafu wakasimama ukingoni.

Bado wamesimama. Mama Singano amekwenda kukomba majivu ya jikoni kwake, kwa kuwa yetu yamekwisha na wingu la mvua limetanda mlimani.

"Nyumba bado tu haijawa safi?" Shemdoe ananiuliza.

Ninamfunika mguu kwa khanga yangu, ninamwambia bado kidogo.