Leso ya Kisumu

Obiero alijinyunyizia maji kipajini yaonekane jasho. Akavua sweta, akabaki na shati la mikono mifupi, akaweka kompyuta juu ya meza ya kukunjia nguo, akavaa visikilizi. Nje theluji ilikuwa ya magotini. Lakini chumba cha kufulia cha jengo lao la Rågsved, huko ughaibuni, kiko chini kabisa, hakina dirisha hata moja, na kwa mwongo hapo ni mahali pazuri.

Mkataba wake ulisema anafanya kazi kutoka Kisumu. Sasa mkewe Jerioth ni nesi hospitali ya Flemingsberg, jirani na hapo, na mtoto wao wa kwanza ndiyo kwanza amezaliwa. Baba gani angebaki Kisumu? Alipanda ndege, akanyamaza. Halafu kampuni ikatoa onyo: atakayekutwa nje ya nchi aliyoandikishwa, kibarua kimeota nyasi. Na Paskalia, msimamizi aliyeiongoza timu nzima kwa video kutoka Dar es Salaam, hakuwa mtu wa mchezo.

Kikao cha leo kiliitishwa ghafla, nguo za mtoto zikiwa mashinini. Aziache? Thubutu! Humo zamu yako ikipita, jirani wa zamu inayofuata huzitoa mbichi na kuzibwaga sakafuni. Obiero hakuwahi kumwona jirani huyo, ila nguo sakafuni aliziokota mara nyingi.

Vigae vyeupe nyuma yake vingemchoma. Bahati nzuri, mtu alikuwa amesahau leso nyekundu kwenye mashine ya kukaushia. Obiero akaitundika ukutani, akarudi nyuma kuitazama. Sasa hiyo ndiyo Kisumu!

"Hamjambo?" Paskalia alikuwa amejaa kwenye kioo, gauni jepesi la maua, akijipepea kwa gazeti. "Huku Dar joto litatuua. Nasikia kuna mtu kati yetu hayuko anaposema yuko. Obiero, kelele gani hizo?"

"Mashine ya unga ya jirani, madam. Wanasaga tangu asubuhi."

"Mahindi gani haiishake, ndugu yangu?" akauliza Gédéon, mwenzao wa timu kutoka Goma, kwa Kiswahili cha kwao, akicheka.

Mashine ikaanza kukamua. Meza ikatetemeka, ukuta ukatetemeka, leso ikachomoka upande mmoja na kuning'inia. Pembeni pakaonekana alama nyeusi ya pasi. Obiero akairudisha haraka.

Paskalia aliacha kujipepea.

"Kanga nzuri hiyo. Umeitoa wapi?"

"Hii leso? Ya mamangu, madam. Iko kwetu tangu nizaliwe."

"Na hiyo alama ya pasi?"

"Mamangu mwenyewe aliiunguza. Alilia siku nzima!"

Mtu akishazoea uongo, hata chumvi ikizidi haioni. Paskalia alimtazama bila kupepesa, hadi Gédéon naye akaacha kucheka. Sasa jasho la Obiero lilikuwa la kweli. Alimfikiria mtoto, akamfikiria Jerioth akibeba nyumba nzima peke yake, akatamani ardhi impasukie.

"Asiondoke mtu," Paskalia akasema hatimaye. "Feni imezimika, nashuka kuangalia umeme."

Akazima kamera ya simu yake. Kipaza sauti akakisahau, wakasikia kandambili zikishuka ngazi, pa, pa, pa.

"Madam amekasirika," Gédéon akanong'ona. "Kuna mtu analala njaa leo."

Obiero alikuwa ameanza kutunga maneno ya kuomba msamaha, mlango wa chumba cha kufulia ulipogongwa kwa nguvu nyuma yake. Na ngumi zilezile zikalia masikioni mwake, ndani ya visikilizi.

Akafungua mlango taratibu.

Paskalia alikuwa amesimama na kikapu cha nguo chafu, simu mkononi. Juu gauni jepesi la maua, chini suruali nzito ya theluji na soksi za sufu ndani ya kandambili.

"Nipe kanga yangu," akasema.

Obiero akamtazama kutoka juu hadi chini, akasogea kumpisha.

"Karibu Kisumu, madam."