Kanga ya Njano

Gari jekundu la marehemu Sadiki lilikuwa linaongoza mbio, na watu waliojaa juu ya tuta la udongo walikuwa wakirukaruka. Mjane wake, Tunu, ndiye pekee aliyeketi, kanga ya njano mapajani. Leo dereva alikuwa Shomari, mdogo wa Sadiki. Kabla ya kuvaa kofia alimwambia, "Shemeji, mle ndani sisikii kitu. Nikiiona kanga tu, natoka uwanjani."

"Wape vumbi, mdogo wangu! Wale vumbi!" Zaituni, wifi yake, alipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Gari lilipopita mbele yao, Tunu aliona moshi mwembamba ukitoka chini ya boneti. Mwaka jana pia moshi ulianza hivyo hivyo, kabla ya moto uliomuua Sadiki.

Akasimama, akaikunjua kanga.

"Wifi, una wazimu? Umebaki mzunguko mmoja!"

"Mama, kaa chini, unatuziba!" mtu alifoka nyuma yao.

Zaituni akamkamata mkono. "Kaka hakuwahi kushinda na gari hili. Mwache huyu ashinde."

"Moshi huuoni?" Tunu alisema. "Huyu ndiye aliyebaki, wifi."

Zaituni akatazama upande wa pili wa uwanja, ambako gari lilikuwa likiburuta mkia mweusi. Akauachia mkono, akashika pindo la pili la kanga. Wakaivuta mpaka ikawambika kati yao, watu wakiwazomea, na gari jekundu likaibuka konani kwa kasi, likija upande wao.