Rufaa ya Everald

Everald alipoingizwa mahakamani akiwa na pingu, Bi Icilda aliinuka nusu kwenye benchi, akataka kumwita, akajizuia. Jamani, alivyokonda! Tangu afungwe maisha kwa kumuua Renford, kila Jumapili Bi Icilda alimpelekea wali wa maharage wenye nazi gerezani, na bado kabaki mifupa tu.

"Kaa chini, Icilda," jirani yake Pearline alimnong'oneza. "Ningekuwa wewe, hata Kingston nisingekuja. Huoni haya?"

Aone haya yeye! Ulimi wa Pearline ndio uliomfunga kijana. Aliapa mahakamani kwamba watu mtaani walimwambia eti Renford, kabla ya kukata roho, alisema, "Everald kaniua." Watu gani? Hakuna aliyewajua.

"Hayo ni maneno ya kuambiwa," wakili wa Everald aliwaeleza majaji. "Mtu hafungwi kwa umbea. Tena, waheshimiwa, ni kweli vijana hawa waligombana wakicheza domino, na kisu cha Everald kikampata mwenzake begani. Lakini Renford alishonwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akala, akacheka. Kisu hakikumuua."

Pearline akasonya. Jaji wa katikati akavua miwani. "Kilimuua nini basi?"

"Daktari aliyepitia upya vipimo anasema ini liliharibiwa na sumu. Alinyweshwa chai ya majani ya porini, kama sote tunavyowanywesha wagonjwa wetu. Safari hii yalichumwa majani siyo yenyewe."

Bi Icilda alishusha mkoba wake sakafuni. Jumapili iliyopita alimweleza Everald kwamba leo atasema yote. Everald akamshika mikono kupitia nondo. "Usiseme, Mama. Mimi huku nimeshazoea." Wakalia wote wawili, mpaka askari akawaonea huruma akageukia ukutani.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini kijana huyu ataozea ndani kwa kosa lisilo lake?

"Na hiyo chai aliichemsha nani?" jaji akauliza.

Wakili akageuka kutazama benchi la mbele. Everald akatikisa kichwa kwa nguvu. "Mama, tafadhali!"

Bi Icilda alisimama.

"Mimi, mheshimiwa," alisema. "Nilitaka mwanangu Renford apate usingizi."